Wakala wa Safari za Ndege na Kazi Yake Iliyobadilika

Natumaini wote mmekwisha kaa, na kila kikundi kina karatasi na kalamu, kwani mwishoni mwa mazungumzo haya kuna maswali ya kujadiliana. Katika mfululizo huu tunazungumza juu ya kazi za watu mbalimbali, na namna kila kazi inavyogeuka nyakati zinapogeuka. Leo nataka kuwaeleza habari za wakala wa safari za ndege. Huyu ni yule mtu mwenye ofisi mjini, aliyebandika ramani ya dunia ukutani, ambaye kazi yake ni kuwakatia tikiti watu wanaotaka kwenda nchi za mbali.

Huenda mmoja wenu akasema, "Hayo yanatuhusu nini sisi wakulima na wavuvi?" Namjibu kwamba yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, siku hizi wanaopanda ndege si matajiri peke yao. Mwanafunzi aendaye kusoma, mgonjwa apelekwaye India kutibiwa, haji aendaye Makka, kijana aendaye kufanya kazi Muscat au Dubai, wote hao hupanda ndege. Na mara nyingi nauli yao imetoka katika mifuko ya ukoo mzima: ng'ombe wameuzwa, au shamba limewekwa rehani. Nauli hiyo ikipotea, aliyepotelewa si mtu mmoja. Pili, habari ya wakala ni habari ya kila mfanyakazi ambaye elimu aliyoipata ujanani haikutosha kumfikisha uzeeni. Kwa hiyo hata asiyetazamia kupanda ndege maishani mwake atapata jambo la kufikiri.

Na tuanze na asili ya kazi yenyewe. Tarehe 5 Julai 1841, huko Uingereza, bwana mmoja aitwaye Thomas Cook aliwachukua watu wapatao 500 kwa gari moshi kutoka mji wa Leicester mpaka Loughborough. Kila mmoja alitoa shilingi moja. Bwana Cook hakuwa na gari moshi wala reli. Alikwenda kwa wenye reli akapatana nao bei, akawakusanya watu, akawapangia safari yao ya kwenda na kurudi. Hapo ndipo ulipo mzizi wa kazi hii. Wakala hana chombo cha kusafiria. Ana vitu viwili tu, maarifa na uaminifu. Maarifa ni ya kujua njia, saa na bei. Uaminifu ni kwamba abiria humpa fedha zake leo, kwa ajili ya safari ya mwezi ujao, naye huamini kwamba siku ikifika kiti chake kitakuwapo.

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha shirika dogo la ndege Nairobi, lililoitwa Wilson Airways. Februari 1931 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilianza njia ya ndege kutoka London mpaka Mwanza, na mwaka 1932 njia hiyo ikaendelezwa hata Cape Town. Safari nzima ilichukua siku 11 hivi, kwa maana ndege za zamani ziliruka mchana na kutua kila mara kutia mafuta, na usiku abiria walilala hotelini. Kuanzia mwaka 1937 zikaja ndege za kutua majini, zilizopita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Wazee wetu wa pwani waliziona zikishuka bandarini kama bata.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1944 wajumbe wa mataifa mengi walikutana Chicago wakaweka mapatano juu ya usafiri wa anga. Mwaka 1945, huko Havana, mashirika ya ndege yakaanzisha umoja wao uitwao IATA. Umoja huo uliwafaa sana mawakala. Ulifanya tikiti iliyoandikwa Dar es Salaam ikubalike Roma, na iliyoandikwa Roma ikubalike New York, hata kama safari ile ilipita katika ndege za mashirika matatu. Tarehe 1 Januari 1946 likazaliwa shirika letu, East African Airways, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Tarehe 2 Mei 1952 lilitokea jambo ambalo halikuwahi kuonekana duniani. Ndege ya jeti iitwayo Comet iliondoka London ikiwa na abiria wa kulipa nauli, ikapita Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kwa muda usiotimia saa 24. Safari ya jeti ya kwanza ya abiria ulimwenguni ilitua katika udongo wa Uganda! Kweli, mwaka 1954 Comet za kwanza zilisimamishwa kwa sababu ya ajali zilizotokana na kuchoka kwa bati la mwili wa ndege. Lakini wahandisi walijifunza, wakatengeneza nyingine zilizo imara zaidi, na mwaka 1960 East African Airways ikapata Comet zake. Mwaka 1966 ikapata ndege kubwa zaidi, aina ya Super VC10.

Basi, ili tuifahamu vema kazi ya wakala, na tuchukue mfano. Tuseme kijana wa miaka 20 aliandikwa kazi katika ofisi ya safari Dar es Salaam mwaka 1970. Simtaji jina, kwa sababu si mtu mmoja. Ndani yake nimekusanya mambo yaliyowapata wengi wa kazi hii. Mwaka ule ule, mwezi wa Januari, ndege ya Boeing 747 ilianza kubeba abiria kati ya New York na London. Kijana wetu, basi, alianza kazi wakati dunia ilipokuwa ikianza kuwa ndogo.

Alikuta nini mezani? Alikuta vitabu vinene. Kimoja kilikuwa cha saa za ndege zote za dunia, kilichochapwa kwa herufi ndogo kama chawa. Kingine kilikuwa cha nauli na masharti yake. Hesabu ya nauli ilifanywa kwa kalamu ya risasi. Kati ya mji na mji palikuwa na kiasi cha maili kilichoruhusiwa kwa nauli moja. Tuseme kati ya mji wa kwanza na wa mwisho ziliruhusiwa maili 5,000. Wakala alijumlisha maili za kila kipande cha safari. Zikiwa 4,900, abiria aliweza kupumzika katika miji ya njiani bila kuongeza hata senti. Zikiwa 5,300, amezidisha maili 300, yaani asilimia 6. Basi atatozwa nyongeza ya asilimia 10, kwa kuwa nyongeza zilipanda kwa hatua: 5, 10, 15, 20, na mwisho 25.

Mnaona faida ya maarifa hapo. Karani mvivu alimwambia abiria, "London, nauli ni hii, lipa." Karani hodari alimwambia, "Bwana, kwa nauli hii hii unaweza kukaa Cairo siku mbili, na Roma siku tatu, ukamtembelea ndugu yako." Abiria wa namna hiyo alirudi mwaka wa pili, akaja na jirani yake.

Kisha ilikuja kuandika tikiti. Tikiti ilikuwa kijitabu chenye kaboni. Kila kipande cha safari kilikuwa na kuponi yake, na tena palikuwa na nakala ya abiria, ya wakala, na ya wakaguzi wa hesabu. Herufi moja ikikosewa katika jina, ilikuwa lazima kufuta tikiti nzima na kuanza upya. Tikiti tupu zilifungiwa katika sefu kama fedha, kwani mwizi akizipata angeweza kuandika safari yoyote apendayo. Kiti nacho hakikupatikana papo hapo. Ujumbe ulipelekwa kwa simu au teleksi, na jibu likangojwa, pengine mpaka kesho. Tena abiria aliagizwa athibitishe safari yake saa 72 kabla ya kuondoka, ama sivyo kiti chake kingeweza kupewa mtu mwingine.

Na mshahara wa ofisi ulitoka wapi? Ulitoka kwa mashirika ya ndege. Kila tikiti iliyouzwa, shirika lilimwachia wakala sehemu, iitwayo kamisheni. Huko Marekani, kwa mfano, kwa miaka mingi ilikuwa kama asilimia 10. Tikiti ya dola 1,000 ilimpa wakala dola 100. Abiria hakutoa kitu cha ziada, na kwa sababu hiyo alidhani kazi ya wakala ni ya bure. Shikeni neno hilo, maana tutalirudia.

Mwaka 1977 ulileta msiba wa kwanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na East African Airways ikafa pamoja nayo. Kenya Airways ilianza kuruka Februari mwaka huo, na Shirika la Ndege la Tanzania likaundwa mwezi wa Machi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe hata mwaka 1983. Fikirini hali ya karani wetu, sasa ana miaka 27. Shirika alilolijua tangu siku ya kwanza halipo. Na shirika la ndege likifa, tikiti yake hubaki karatasi tu, isipokuwa shirika jingine likubali kuipokea. Abiria hawaendi kulililia shirika lililokufa. Wanakwenda kwa mtu waliyempa fedha mkononi. Hapo karani alijifunza kwamba anayeuza ahadi ya mwingine hana budi kumchunguza huyo mwingine.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya shida ya fedha za kigeni. Mtu aliyetaka kusafiri nje alihitaji vibali kabla ya kupata tikiti, na wakala akawa mjuzi wa fomu, mihuri na foleni. Tanzania ilipotunga sheria mpya ya fedha za kigeni mwaka 1992, maduka ya kubadili fedha yakafunguliwa, na ule ujuzi wa foleni ukaisha thamani kwa muda mfupi. Maduka yalipofunguliwa, hakuna aliyemlipa tena mtu kwa kujua mlango wa kupitia.

Wakati huo huo kompyuta ilikuwa njiani. Habari yake ilianzia Marekani. Mwaka 1953 mkuu wa shirika la American Airlines, Bwana C. R. Smith, alikaa ndani ya ndege karibu na mtu wa kampuni ya IBM ambaye jina lake pia lilikuwa Smith. Wakazungumza. Siku hizo kumwekea abiria mmoja kiti kwa kadi na simu kulichukua kama dakika 90. Katika mazungumzo yale ilipatikana mbegu ya mtambo ulioitwa Sabre, uliokamilika mwaka 1964. Mwaka 1976 mtambo huo ukaanza kupelekwa katika ofisi za mawakala wa Marekani. Mwaka 1987 mashirika ya Ulaya yakaanzisha wao unaoitwa Amadeus, na mitambo ya namna hiyo ikaenea mpaka miji yetu.

Karani wetu sasa amekwisha pita miaka 40. Mbele yake pamewekwa chombo chenye kioo. Vile vitabu vinene vimeondolewa, na ile hesabu ya maili ambayo alikuwa fundi wake inafanywa na mashine kwa kupepesa jicho. Badala yake inampasa ajifunze lugha ya vifupisho: DAR ni Dar es Salaam, NBO ni Nairobi, MBA ni Mombasa, ZNZ ni Zanzibar, EBB ni Entebbe, MWZ ni Mwanza. Huandika amri fupi, kisha tarehe, kisha vifupisho vya miji miwili, na kioo humjibu ni viti vingapi vilivyobaki. Wako waliosema, "Mimi ni mzee wa kazi, mashine hii ni ya watoto." Hao waliondoka mmoja mmoja. Wengine walikubali kukaa karibu na kijana wa miaka 22 wakafundishwa kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Hao ndio waliobaki. Elimu ya watu wazima haifanyiki katika madarasa ya kusoma na kuandika peke yake, ndugu zangu; nayo hii ilikuwa elimu ya watu wazima.

Kisha likaja pigo kubwa kuliko yote, nalo halikuwa la mashine bali la fedha. Mwaka 1995 shirika la Delta la Marekani liliweka kikomo cha kamisheni: tikiti ya ndani ya nchi, kwenda na kurudi, wakala hatapata zaidi ya dola 50, hata nauli ikiwa kubwa namna gani. Mashirika mengine yakafuata. Mwaka 2002 mashirika makubwa ya Marekani yakaondoa kabisa kamisheni ya kawaida, na katika sehemu nyingine za dunia nayo ikapungua hatua kwa hatua. Mashirika yalikuwa na hoja yao: mafuta ghali, mashindano makali, na hasara baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001. Lakini kwa wakala ilikuwa kama mkulima kuambiwa kwamba mazao yake yatachukuliwa kama zamani, ila bei imekuwa sifuri.

Ikawa hapana budi amgeukie abiria amwambie, "Ndugu, sasa utanilipa wewe ada ya kazi yangu." Kumbukeni tulivyosema: abiria alidhani kazi ile ni ya bure. Mtu aliyehudumiwa miaka 30 bila kutozwa, akitozwa shilingi elfu kadha wa kadha, huona ameibiwa. Hapa wakala alipaswa kujibu swali gumu ambalo hakuwahi kuulizwa: "Wewe unanifanyia nini hasa, nisichoweza kujifanyia mwenyewe?"

Na swali hilo lilizidi kuwa kali mwaka hata mwaka. Mwaka 1996 kampuni za kuuza safari kwa njia ya intaneti zilianza Marekani. Kuhusu tikiti ya karatasi, IATA ilieleza kwamba kuishughulikia moja kuligharimu kama dola 10, na ya kielektroniki dola 1 tu. Mwaka 2007 umoja huo uliagiza tikiti zake za mwisho za karatasi, milioni 16 na nusu, na kuanzia tarehe 1 Juni 2008 mawakala wake wote wakawa wanatoa tikiti zisizo na karatasi. Kaboni, kuponi na sefu vikaingia katika historia. Mwaka 2007 pia Kenya ilianza M-Pesa, na baada ya muda mtu aliweza kulipia nauli kwa simu akiwa chini ya mwembe wake. Mwaka 2012 shirika la Fastjet lilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwa nauli nafuu, likiwauzia watu moja kwa moja. Lilisimama Tanzania mwaka 2018, lakini desturi ya kujikatia tikiti haikusimama.

Je, tuhuzunike kwa mabadiliko haya? Lazima tuseme kweli pande zote mbili. Zamani maarifa yalifungiwa nyuma ya meza ya wakala, na si kila wakala aliyatumia kwa haki. Wengine walimpeleka abiria kwenye shirika lililowapa kamisheni nono, hata kama njia yake ilikuwa ndefu. Wengine walificha nauli ndogo. Leo binti aliye Tabora anaweza kutazama nauli za mashirika kumi katika simu yake kabla hajazungumza na mtu yeyote. Hiyo ni nguvu iliyowafikia watu, nasi tuipokee kwa furaha.

Hata hivyo, bei si safari. Maarifa ya bei yalipotoka mikononi mwa wakala, ikaonekana wazi ni nini kilichobaki. Aprili 2010 mlima wa moto wa Iceland ulitapika majivu, na anga la sehemu kubwa ya Ulaya likafungwa kwa siku sita hivi. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jengo la kuwasili abiria wa kimataifa katika kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, na ndege zikaelekezwa kwingine. Siku kama hizo aliyejikatia tikiti hubaki na simu iitikiwayo na mashine, "Tafadhali subiri." Aliyepitia kwa wakala mwema alikuwa na mtu wa kumwambia, "Ndugu, tumekwama, tufanye nini?"

Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulikuja kuwapima wote. Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa kuanzia tarehe 25 Machi mpaka tarehe 1 Agosti. Tanzania nayo ilisimamisha kwa muda Aprili na Mei. Kwa hesabu za IATA, abiria wa ndege duniani walikuwa bilioni 4.5 mwaka 2019, wakashuka mpaka bilioni 1.8 mwaka 2020. Abiria walidai fedha zao. Lakini wakala alikuwa amekwisha zipeleka kwa mashirika, na mashirika mengi yakatoa hati za kusafiri baadaye badala ya fedha taslimu. Karani wetu, sasa mzee wa miaka 70, alikaa katika ofisi isiyouza kitu, akipiga simu na kuandika barua kudai fedha za watu wengine, kazi ambayo hakuna aliyemlipa. Na ile kampuni iliyoitwa kwa jina la Thomas Cook haikuiona hata hiyo 2020. Ilifilisika tarehe 23 Septemba 2019, baada ya miaka 178 tangu ile safari ya shilingi moja, ikiwaacha wateja wake wengi katika nchi za ugenini mpaka serikali zikawarudisha. Ukubwa wa jina haukuiokoa.

Jambo jingine lililobaki ni kujua masharti, nayo hubadilika. Chukueni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Zamani kilidumu miaka 10. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, kinadumu maisha yote ya aliyechanjwa. Wakala anayeendelea kuwaambia watu wachanjwe tena kila miaka 10 anawapotezea fedha kwa elimu iliyochina. Vilevile Januari 2024 Kenya iliweka idhini ya safari ya kielektroniki mahali pa viza ya zamani. Aliyelala mwaka mmoja katika kazi hii anaamka mgeni.

Sasa, ndugu wasikilizaji, niwape mashauri machache ya kuwafaa ninyi au watoto wenu. Yaandikeni.

La kwanza, mjue tofauti ya kuwekewa kiti na kukatiwa tikiti. Wakala akiweka nafasi, mtambo hutoa alama ya herufi na tarakimu, kwa kawaida sita. Hiyo ni nafasi tu, nayo yaweza kufutwa kesho. Tikiti iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13, na tatu za kwanza huonyesha shirika. Za Kenya Airways, kwa mfano, ni 706. Matapeli hupokea fedha, wakatoa karatasi nzuri yenye ile alama ya sita peke yake. Abiria hufika kiwanjani na mizigo yake na ndugu zake wa kumsindikiza, akaambiwa hana tikiti. Basi kabla hujaondoka ofisini, uliza: "Namba ya tikiti iko wapi?" Kisha mpigie simu au uende kwa shirika lenyewe, uthibitishe.

La pili, jina katika tikiti liwe sawasawa na lililo katika pasipoti. Jina la utani, au la ubatizo lisilo katika pasipoti, litakuletea taabu.

La tatu, uliza masharti kabla ya kulipa. Nikiahirisha, nitatozwa kiasi gani? Nikishindwa kwenda, nitarudishiwa nini? Katika nchi ninayopita njiani nahitaji viza? Nauli iliyo ndogo sana mara nyingi hairudishwi.

La nne, pata risiti, yenye jina la ofisi na tarehe. Mtu asiye na ofisi, anayetaka fedha zitumwe katika simu yake binafsi, na anayekuhimiza kwamba bei itapanda jioni, mwogope.

La tano linawahusu vijana waendao kufanya kazi nchi za nje. Tikiti si kazi. Mtu kukununulia tikiti hakuthibitishi kwamba huko uendako kuna mwajiri wa kweli. Ulizeni ofisi ya serikali inayosimamia ajira kama wakala huyo ameandikishwa, someni mkataba kabla ya kutia sahihi, na acheni nakala ya mkataba na ya pasipoti nyumbani kwa wazazi.

Basi, tumejifunza nini kwa yule karani aliyeanza kazi mwaka 1970? Tumejifunza kwamba ujuzi wa mkono, kama kuandika tikiti kwa kaboni, unaweza kufa kwa siku moja. Ujuzi wa kujua mlango wa kupitia hufa siku mlango unapofunguliwa kwa wote. Uaminifu haukufa katika miaka yote 50, na siku za taabu thamani yake ilipanda. Lakini uaminifu bila elimu mpya nao hautoshi. Wakala mwaminifu asiyejua masharti ya leo atampoteza abiria wake kwa moyo safi kabisa. Kwa hiyo kila mmoja wetu, awe fundi cherehani, mwalimu, mwenye duka au mkunga, ajiulize: katika kazi yangu, ni sehemu ipi ambayo mashine au simu itaichukua, na ni sehemu ipi ambayo watu wataendelea kuniamini mimi? Hiyo ya pili aitunze. Na kwa ajili ya ile ya kwanza, aanze kujifunza mapema.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Kwa nini abiria wengi walidhani kazi ya wakala ni ya bure? Je, iko kazi nyingine hapa kwetu ambayo watu huidhani ya bure?

2. Taja tofauti kati ya kuwekewa kiti na kukatiwa tikiti. Mtu wa kikundi chenu akipewa karatasi isiyo na namba ya tarakimu 13, afanye nini?

3. Mtu wa miaka 45 amepelekewa mashine mpya kazini, na wa kumfundisha ni kijana. Mngemshauri nini yule mzee? Na kijana je?

4. Kila mmoja aeleze jambo moja katika kazi yake lililobadilika tangu alipoanza, na namna alivyojifunza lile jipya.

Katibu wa kikundi aandike majibu kwa ufupi.